Dirisha la Wakwe

S.L.P. 47,
Tukuyu.
14 Machi 1993

Dada Sekela,

YAH: SALAMU NA MAENDELEO YA BIASHARA

Habari za Tanga na joto lake? Sisi huku hatujambo isipokuwa mvua, ambayo tangu Januari imekosa Jumapili mbili tu, na mchungaji amezitaja zote mbili kwenye mahubiri. Ndizi zimezaa vizuri. Mke wangu Tulia yuko Masoko tangu mwezi wa pili, anamuuguza mama yake aliyeteleza kwenye tope akavunjika nyonga. Mwanangu Emmanuel ameacha jembe, sasa anauza mitumba Mbeya na kurudi nyumbani Lufingo kwa mkewe Lusungu kila baada ya wiki mbili, amevaa koti la Mzungu ambaye hatukumfahamu. Na tumbo lako, lile ulilolalamikia Krismasi, limepona?

Sasa jambo lenyewe. Chama cha ushirika kimenipunguza. Baada ya miaka kumi na tisa ya kupima kahawa za watu nilipewa barua ya mistari minne, na wa nne ulikuwa saini. Sikulia. Mambo ni ruksa siku hizi, kila mtu anafungua kitu, nami nimefungua duka la dawa baridi hapa mjini, karibu na fundi cherehani Hafidhi. Nilihudhuria semina ya siku mbili. Siku ya pili nilichelewa, lakini cheti kinasema mbili.

Kibao changu kinasomeka tangu stendi. Bibi mmoja wa Lupepo alisimama mbele yake chini ya mwavuli, akasoma herufi moja moja, akaniuliza, “Mwanangu, na Tukuyu ilivyo, unatuuzia baridi tena? Huna za moto?” Nilimwelimisha kwamba dawa baridi ni dawa iliyopoa, haina makali, mtu anaweza kuitafuna kama karanga na isimdhuru. Alinishukuru sana.

Nimebuni pia jambo ambalo halijapata kuonekana mkoa mzima. Wewe umekaa pwani mpaka umesahau, hivyo nakukumbusha kwamba kwetu mkwe wa kike, nkamwana, haonani uso na baba mkwe wala hawasemeshani. Tulia akiwapo ndiye mkalimani. Sasa hayupo, na nkamwana akiumwa atasema na nani? Nimetoboa dirisha upande wa nyuma, Hafidhi akanishonea pazia zito, nami nimeliita Dirisha la Wakwe. Mteja hasemi, nami simwoni. Akigonga mara moja, ni kichwa. Akigonga mara mbili, ni tumbo, yaani lile la akina mama la kila mwezi, ambalo jina lake siwezi kuliandika kwa kuwa barua hupita mikononi mwa watu. Namtolea Pakiti ya Dada: aspirini tatu na brufeni tatu, nimezifunga kwenye fomu za zamani za kahawa na kuandika 2x3 kitaalamu.

Dada, wanawake wa Tukuyu nzima sasa wamekuwa wakwe zangu. Hata mwalimu mkuu wa shule ya msingi hupitia nyuma.

Ni mimi mdogo wako,
Jairo

*

Tanga,
6 Aprili 1993

Mdogo wangu Jairo,

Ugonile; salamu ya kwetu sijaisahau. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka. Wanangu hawajambo, mjukuu ameota meno mawili na anayatumia vibaya. Pole kwa kazi. Naijua barua yao ya mistari minne, maana huku hospitalini nasi tunaisubiri yetu. Msalimie Tulia, na mama yake mwambie asilale na mfupa bila mazoezi.

Neno ulilolikimbia linaitwa hedhi. Lina herufi tano. Umeandika neno “ushirika” miaka kumi na tisa bila mkono kutetemeka, na hilo ndilo lililokuumiza.

Sasa nisikilize kama nilivyokuwa nikikufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi. Dawa inaitwa baridi kwa sababu inauzwa bila cheti cha daktari, basi. Haikuitwa hivyo ili iuzwe bila akili. Maji ya mto Kiwira nayo ni baridi, Jairo, na unajua yameshazoa watu wangapi.

Hiyo Pakiti ya Dada ivunje leo. Aspirini na brufeni ni ndugu wa tumbo moja, na wakikutana tumboni mwa mtu hulikwangua pamoja. Anayeumwa hedhi achague moja. Kama ni brufeni ya miligramu mia mbili, ameze moja au mbili akiwa ameshakula, akae saa sita hadi nane kabla ya kurudia, zisizidi sita kwa siku nzima, na iwe zile siku mbili tatu za mwanzo tu. Mwenye vidonda vya tumbo asiziguse, wala mwenye pumu, wala mwenye mimba au anayeshuku anayo. Huyo umpe parasetamo, mbili, na baada ya saa sita mbili nyingine, zisizidi nane kutwa, nawe umuulize kama hana nyumbani kidonge kingine chenye jina la fahari ambacho ndani ni parasetamo ileile. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu inasaidia pia, ila hiyo huwezi kuiuza, kwa hiyo najua utasahau kuitaja.

Na 2x3 yako. Mwanamke aliyemaliza darasa la saba akiona hivyo atatoa jibu, ambalo ni sita, na atazimeza zote kwa mpigo. Hesabu haikumwambia apumzike katikati.

Hayo yote hayapiti kwenye pazia. Ni lazima uulize.

Umeuliza tumbo langu. Linaendelea.

Dada yako,
Sekela

*

S.L.P. 47,
Tukuyu.
9 Mei 1993

Dada Sekela,

YAH: MAJIBU YA BARUA YAKO YENYE UKALI

Salamu kutoka kwa wote. Chai inachumwa vizuri. Mama mkwe wangu bado hasimami, na Tulia anasema atarudi akisimama. “Linaendelea” si jibu, lakini nimelipokea.

Nimezingatia ushauri wako kwa sehemu. Mahali pa 2x3 sasa naandika “kutwa”. Nimenunua pia chupa ya chai ili anayetaka maji ya uvuguvugu ayapate, maana bibi wa Lupepo alirudi na wenzake watatu. Pakiti yenyewe sijaivunja kwa kuwa wateja wameizoea. Wewe dada umesomea wodini, ambako mgonjwa hana pa kwenda. Hili ni soko huria. Nikianza kuwauliza akina mama wazima mambo ya siku zao, watahamia kwa jirani mwenye duka la dawa, ambaye haulizi na pia hana dirisha. Na wewe unanitaka mimi, mzee wa kanisa, nipaze sauti kwenye pazia nikiuliza kama mtu ana mimba?

Nikupe mfano wa mafanikio. Nina mteja mmoja bora kuliko wote. Alianza kama wengine, mara moja kwa mwezi. Tangu baada ya Pasaka anagonga mara mbili karibu kila siku ya kazi. Naona mkono tu, mwembamba, ukipokea kwa adabu. Hajalalamika hata siku moja. Kama dawa ingekuwa mbaya angerudi kweli?

Nyumbani Lufingo hatujambo. Lusungu tu ndiye amekonda. Mimi simtazami, bali akina mama wa kanisani wameniambia. Hali chakula, akila anasema moto unawaka ndani, na wiki iliyopita alishindwa kwenda kuchuma chai. Wapo wanaosema ni uvivu wa bibi harusi, ingawa ana miaka mitatu ya ndoa sasa. Nimemwagiza Emmanuel amletee vitamini kutoka Mbeya.

Ni mimi,
Jairo

*

TELEGRAMU
TANGA 28 MEI 1993
JAIRO SLP 47 TUKUYU
FUNGA DIRISHA BARUA YAJA SEKELA

*

Tanga,
28 Mei 1993

Jairo,

Salamu nitazitoa mwisho, zikibaki. Barua yako imetembea siku kumi na tisa, na nimetoka posta sasa hivi kukupigia telegramu.

Tumbo lipi? Hilo tu ndilo ninalokuuliza. Wewe na huyo mwenye mkono mwembamba mmepatana kugonga mara mbili kwa ajili ya tumbo, na Kiswahili chetu kina neno moja kwa chumba cha chakula na chumba cha mtoto. Hakuna mwanamke anayeingia mwezini kila siku ya kazi na kupumzika Jumapili. Huyo alianza na tumbo la hedhi. Ukampa pakiti yako, nayo ikamchubua tumbo la chakula. Akarudi kugonga mara mbili, kwa kuwa ni kweli, ni tumbo. Ukampa kilekile kilichomchubua. Unamuuzia ugonjwa kwa jina la dawa, na unamwita mteja bora.

Sasa soma tena mwisho wa barua yako mwenyewe, pale unapomtaja asiyekula na anayewaka moto ndani. Mimi sisemi ni nani. Wewe ndiye uliyemtobolea dirisha.

Akitapika kitu cheusi, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, ni damu, na ni hospitali saa hiyohiyo.

Nitakwambia nisilowahi kumwambia mtu wa nyumbani. Unakumbuka nilipokuwa na miaka kumi na mitano, baba aliponiita mvivu mbele ya watu kwa kuwa kila mwezi nilikuwa nalala chini kwenye migomba siku nzima? Wewe ulikuwa ukinicheka, nami sikukulaumu, ulikuwa mtoto. Maumivu yale yalikuwa ya kupasua mgongo, na hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Nilipokuja kusomea uuguzi nikakutana na aspirini, nikaiona kama malaika. Nilimeza sita kila asubuhi ya siku zile kabla hata ya chai, miaka minne, na aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa kula kwanza alikuwa mimi. Hilo ndilo tumbo unaloniuliza kila Krismasi. Wamelipasua mara moja. Sikusema kwa sababu naona aibu, muuguzi mzima.

Aibu ndiyo iliyonichoma, Jairo, na sasa wewe umeiwekea pazia na kuifungulia biashara.

Salamu hazikubaki.

Sekela

*

S.L.P. 47,
Tukuyu.
11 Juni 1993

Dada Sekela,

YAH: TELEGRAMU

Hatujambo. Telegramu ilifika tarehe 31, barua uliyoitaja bado, wanasema barabara imekatika. Sikuelewa vizuri, lakini nilifunga madirisha yote ya nyumba ya Lufingo na kuongeza komeo. Kama uliota wezi, asante, hawajaja.

Tulia amerudi kutoka Masoko kabla ya mama yake kusimama. Lusungu ana malaria, amelazwa. Duka sijalifungua wiki hii kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu.

Jairo

*

Tanga,
29 Juni 1993

Mdogo wangu,

Malaria haifungi duka la dawa. Hulifungua.

Kama barua yangu ya tarehe 28 Mei imefika, unajua ninachouliza. Kama haijafika, niandikie hivyohivyo. Yuko hai?

Sekela

*

Tukuyu,
20 Julai 1993

Dada yangu,

Yuko hai.

Barua yako ya Mei ilifika siku moja na hii ya Juni. Niliisoma ile ndefu nyuma ya duka nimekaa kwenye boksi, kisha nikalia, na Hafidhi akaja kuniuliza kama umekufa.

Nikueleze bila YAH. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 3 Juni, siku ya soko, siku tatu baada ya telegramu yako, nami nikiwa nimeshafunga kila dirisha isipokuwa lile. Likagongwa mara mbili. Nikachukua pakiti. Likagongwa mara ya tatu, polepole, chini kabisa ya ukuta. Tatu hatukuwa tumeipangia maana. Nikasimama na pakiti mkononi, dada, nikingoja mteja afafanue. Nilingoja mpaka niliposikia Hasina, mke wa Hafidhi, akiita kutoka uani kwamba mtu ameanguka.

Nilizunguka nyuma. Alikuwa Lusungu, amelala ubavu, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa cheusi kama machicha ya kahawa. Miaka mitatu ameishi nyumbani kwangu na hiyo ndiyo siku ya kwanza kumtazama uso. Ni mdogo. Sikujua ni mdogo kiasi kile.

Hafidhi akasema, “Mzee, huyu ni mkweo. Nimtafute mtu mwingine ambebe?” Nakuapia hakunikejeli, alikuwa akiheshimu mila zetu. Nikamwambia ashike miguu. Mimi nikashika mabega, tukampandisha kwenye pikapu iliyokuwa imejaa ndizi.

Hospitalini daktari aliuliza ametumia dawa gani. Nilikuwa mimi peke yangu niliyejua. Nikataja aspirini, nikataja brufeni, pamoja, kila siku. Akauliza, “Nani mjinga aliyempa?” Benchi zima la wagonjwa lilikuwa linasikiliza, wanne kati yao wateja wangu. Nikasema ni mimi. Akauliza kama alikuwa akimeza akiwa amekula. Nikasema sijui. Akauliza siku zake za hedhi huwa lini na zikoje. Nikasema sijui, alikuwa akigonga tu. Daktari aliweka kalamu chini akaenda kuagiza damu. Walimwongezea damu chupa mbili, na moja ilikuwa ya Emmanuel, aliyefika na lile koti lake la Mzungu na hakunisemesha kwa siku nne.

Ile ya malaria niliiandika kwa sababu sikuweza kuandika nyingine. Unisamehe.

Wazee wa ukoo waliniita. Walisema nimemgusa mkwe, nitoe jogoo. Nikatoa wawili, nikawaambia mmoja ni wa kumgusa na mmoja ni wa kuchelewa kumgusa. Walinong'onezana kwa Kinyakyusa kana kwamba mimi ni Mhindi, kisha wakawapokea wote wawili. Nikawaomba pia ruhusa ya kusema naye. Tulia ndiye aliyewajibu kabla yao, akasema kwamba mila iliwekwa ili mkwe aheshimiwe, na haiwezekani kumheshimu mtu aliyekwisha kuzikwa. Wakakubali kwa sharti la kusema kwa adabu na kwa mambo ya lazima.

Pakiti zote nimezivunja. Dirisha Hafidhi ameliziba kwa matofali, na kwa pazia amenishonea mto wa kukalia. Barua yako ya Aprili nimeibandika ukutani pale nilipokuwa nimebandika cheti, na cheti nimekihamishia chini yake. Naulizia kila kitu, dada. Umekula? Una vidonda? Una pumu? Siku zako zimepita? Tumbo lipi? Wiki mbili za kwanza hakuja mwanamke hata mmoja, wote walihamia kwa jirani asiyeuliza. Mwalimu mkuu alipita upande wa pili wa barabara akatazama milima. Halafu akarudi bibi wa Lupepo, nikamuuliza hayo yote mpaka la mimba, kwa kuwa nilikuwa nimeyakariri. Alicheka mpaka akakaa chini, akaenda kuwasimulia, na sasa wanakuja wachache wachache ili waulizwe. Nauza nusu ya nilichokuwa nikiuza. Wengine nawaambia waende hospitali, na nikishawaambia nabaki na vidonge vyangu mkononi kama mjinga.

Lusungu ametoka. Daktari amemwambia aspirini na brufeni asiziguse tena, na akiwa kwenye siku zake atumie parasetamo na maji ya moto, na arudi apimwe kwa nini anaumwa kiasi kile, kwa kuwa si uvivu. Maneno hayo, si uvivu, nilimwomba daktari ayarudie mbele ya akina mama wa kanisani. Nilikuwa nawaza pia migomba ya baba na wewe ukiwa umelala chini yake, na mimi nikicheka. Ndaga, asante kwa kuniambia. Naumia kwamba ilikubidi ungoje miaka thelathini na saba.

Jumamosi iliyopita alikuja dukani. Alipita mlango wa mbele, akasimama mbali na kaunta, uso ameuinamisha, mikono yake miwili mbele. Mkono ule niliufahamu. Akaniita baba, “Tata, niko kwenye siku zangu.” Ni maneno ya kwanza kuyasikia kutoka kwake. Nilikuwa nimejiandaa na maswali yote ya ukutani lakini yalinipotea, likabaki moja.

“Umekula?”

“Bado, tata.”

Nikamwelekeza kwa Hasina, aliyekuwa anaepua ndizi za mbalaga, akale kwanza na kuomba maji ya moto. Nikamwambia vidonge vitamngoja, havina miguu. Aliporudi alikuwa anatabasamu kwa pembeni.

Na wewe, dada, usiniandikie tena kwamba linaendelea. Umekula?

Jairo